Kitambi Changu na Minazi ya Zuhura

Siku ya kuniaga, ninyi wenzangu mliobaki idarani mlinikabidhi saa ya ukutani na kuniomba niwaandikie machache ya kazini. Saa nimeitundika hapa Baleni. Inakwenda mbele, wala hakuna anayejali. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana sina la kusema ambalo ninyi hamjalinung'unikia tayari. Nitaandika juu ya siku za mwanzo, watu walionifunza, kazi iliyonishinda, na namna tumbo langu lilivyoingia katika elimu ya jamii bila kualikwa na mtu.

Mimi ni mzaliwa wa hapa Mafia, katika kijiji hiki cha minazi na mihogo. Siku ya kwanza kufundisha chuoni Dar es Salaam nilivaa koti la kuazima ambalo mikono yake ilinifika kwenye vidole, kwa hiyo kila nilichokiandika ubaoni kilifutwa na koti nikiwa bado naandika. Somo lilikuwa dini na uchumi. Nikawaeleza wanafunzi juu ya mtaalamu mmoja wa zamani wa Ulaya, aliyesema kwamba waumini fulani wa kwao walijinyima starehe kwa kumcha Mungu, wakafanya kazi bila kupumzika, na kwa kuwa waliona dhambi kutumia walichopata, mali ikawarundikia. Nikaongeza, kwa sauti ya mtu aliyekuwepo, kwamba kadiri uchumi unavyokua ndivyo watu wanavyoacha kuogopa vitu visivyoonekana. Binti mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwenu visiwani watu wanafunga Ramadhani kila mwaka. Mbona hawajatajirika?"

Nikasema swali ni zuri sana na tutalijadili wiki ijayo. Wiki ijayo nikaingia na mada nyingine.

Mkuu wa idara wakati huo alikuwa Mama Ndelwa, mwanamke mfupi mwenye subira ndogo. Alisoma kazi zetu huku akitafuna karanga, na alipoacha kutafuna ulijua amefika penye upuuzi. Rasimu yangu ya kwanza aliisoma karanga zikiwa zimetulia mdomoni tangu ukurasa wa pili. "Shomari," aliniambia, "wewe unawauliza watu dini yao inasema nini. Hilo limo vitabuni. Nenda ukaangalie wanafanya nini." Nikaitikia ndiyo mama, nikachukua maswali yangu yale yale na kinasa sauti cha kaseti, nikapanda boti kuja Mafia.

Wa kwanza niliyemhoji alikuwa mzee mmoja mwenye duka pale Kilindoni, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka Omani zamani, mwenye heshima zake na kanzu isiyokunjika. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikabonyeza kinasa sauti. "Je, imani yako inakusukuma kufanya kazi kwa bidii?" Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, hilo ni swali au hotuba?" Hata hivyo alinijibu vizuri. Akasema riziki inatoka kwa Mwenyezi Mungu, imeshapimwa, na binadamu hawezi kukupunguzia hata punje moja. Nilifurahi, maana nilikuwa nimeshaandika hitimisho linalofanana na hilo. Kabla sijamshukuru, kijana mmoja akafungua milango ya duka jipya ng'ambo ya barabara. Mzee akasimama ghafla, kanzu ikakunjika. "Huyo! Huyo ndiye atakayenimaliza! Kwani hakuona pengine pa kufungua?" Mimi, mtafiti makini, nikazima kinasa sauti haraka nisije nikaichafua kazi yangu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ile dakika niliyoizima ilikuwa kelele tu. Nilipata sifa kidogo kwa makala zilizojaa wazee wanaosema riziki imepimwa. Kisha akaja Neema idarani.

Neema alikuwa amesomea sayansi ya akili, yaani namna ubongo unavyotambua, unavyokumbuka na unavyokata shauri. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri na hakuwa na adabu kwa vitabu vyangu. Akaomba kusikiliza kaseti zangu za zamani, nikampa kwa kujivuna. Siku moja akaja mlangoni na kuuliza, "Kaka Shomari, hapa kwa yule mzee wa duka mbona umezima?" Nikamwambia mzee alikuwa ametoka nje ya mada. Akacheka mpaka akaegemea kabati langu, ambalo halikuwa kabati la kuegemewa.

Halafu akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mgonjwa. Mzee hakuwa mnafiki. Imani mtu anayoisema akiwa ametulia ni yake kweli, na ile akili inayoruka yenyewe anapoona duka jipya nayo ni yake kweli. Akili hiyo ya pili ina mazoea yake, na hata shehe, askofu na mwalimu wa chuo wanayo. Inahisi kutazamwa hata pasipo na mtu. Inanusa nani wa kuaminiwa. Jambo moja likifuatiwa na jingine, inayafunga pamoja kabla hujaulizwa. Kwa hiyo, alisema, yule mtaalamu wangu wa Ulaya alisoma sana mafundisho na kuangalia kidogo mno vichwa vya watu vilivyoyabeba. Huenda waumini wake hawakutajirika kwa sababu ya fundisho. Huenda walitajirika kwa sababu majirani waliwaona wakijinyima, wakawaamini, wakafanya nao biashara.

Nilinuna wiki nzima. Baada ya hapo nikaanza kuyafundisha hayo kama yangu.

Neema akataka tujaribu jambo dogo kijijini, na mimi kwa kiherehere nikatoa shamba. Ni shamba la minazi aliloliacha mama yetu hapa Baleni, na mwenye nalo sasa ni mdogo wangu Zuhura, ambaye anaishi kwa hilo. Anakamua mafuta ya nazi, anapika vitumbua vya kuuza, na makuti na makumbi hapotezi hata moja. Tulitaka kujua ni kitu gani hasa kinalinda mali isiyo na mlinzi. Kwenye safu moja ya minazi tuliweka ubao ulioandikwa USICHUME. Safu ya pili tukaweka ubao uliochorwa macho mawili makubwa. Safu ya tatu nikasema tufunge kago.

Kwa ninyi msiotoka pwani, kago ni kinga inayofungwa mtini ili anayeiba adhurike. Huku kwetu kila mtoto anaijua adhabu yake: ukila nazi yenye kago, tumbo linavimba. Wapo mafundi wa kufunga, ila mimi niliona haya msomi mzima kubisha hodi kwa fundi, nikatengeneza langu. Nilichukua chupa ya soda, kitambaa chekundu, na unyoya wa kuku aliyechinjwa kumkaribisha Neema. Chupa ikaonekana tupu mno, basi nikasokota ndani yake ukurasa mmoja wa somo langu la zamani, ule unaosema watu wataacha kuogopa mambo haya uchumi ukikua. Neema akamwomba Zuhura ruhusa rasmi. Zuhura alicheka akasema, "Fungeni tu. Ila mkiondoka mfungue, mimi nakula kwa minazi hiyo."

Hatukuambulia kitu. Habari zilisambaa kwamba Mwalimu amerudi kutoka Dar na amefunga kitu shambani kwa mama yake, na hakuna aliyeligusa shamba zima, wala penye ubao, wala penye macho. Hata mbuzi walipitishwa njia nyingine. Pasipo mwizi hata mmoja hatukuwa na cha kulinganisha na chochote, na makala haikuandikwa. Mama Ndelwa, aliyekuwa amestaafu tayari, nilipomsimulia kwa simu alikaa kimya muda mrefu, nikajua ameacha kutafuna.

Kabla ya kuondoka, utaratibu ulitutaka tuwaeleze watu ukweli. Tukawakusanya kwenye uwanja wa shule, nikaileta chupa, nikaimwaga mbele yao: unyoya, kitambaa, karatasi. Wakasikiliza kwa adabu. Bakari, mkwezi hodari kuliko wote hapa, ndiye aliyesimama kuuliza.

"Mwalimu, hili kago ulilifunga kwa maneno gani?"

"Hakuna maneno. Ni chupa tu, Bakari."

"Sawa. Na kulitegua utalitegua kwa maneno gani?"

"Hakuna cha kutegua. Nimeshalitoa, si hili hapa?"

Akatikisa kichwa kwa masikitiko na kukaa. Kago likitolewa mtini bila kuteguliwa na aliyelifunga, kwa hesabu za hapa, halijaondoka. Limeachwa huru, tena sasa hujui liko mnazi upi. Haya nilikuwa nayajua tangu utotoni. Neema akaninong'oneza kwamba ningeweza kunyunyiza maji kidogo na kusema lolote, watu waridhike. Nikakataa katakata. Nitegue chupa ya soda, mimi? Badala yake nikachukua ngoeko, ule mti wenye ndoana, nikaangua dafu kwenye mnazi mfupi wa safu ya tatu, nikalinywa lote mbele ya kijiji. Kisha nikajipiga tumboni. "Mnaliona? Tumbo ndilo hili hapa!" Wakati ule nilikuwa mwembamba, na mkanda wangu nilikuwa nimeuongezea tundu kwa msumari.

Nikarudi Dar es Salaam. Mliofika miaka ya karibuni mnanijua nilivyo, kwa hiyo lililofuata mnaweza kulikisia. Nilikaa ofisini, nikala chapati za kantini, nikanywa soda kwenye kila warsha, na mke wangu alipotangulia mbele ya haki nikawa nakula bila kuangalia ninakula nini. Kitambi kikaja. Kila Idi nilipokuja Mafia, nilitoka mlangoni mwa ndege pale Kilindoni kikiwa kimenitangulia. Hapa Baleni watu waliniamkia macho yakiwa chini. Niliona ni heshima, na nikasikitika kidogo kwamba kisomo kimenitenga na watu wangu.

Zuhura ndiye aliyeanza kunipigia. "Kaka, Bakari amekataa tena. Anasema ana kazi nyingi." Nikamwambia atafute mkwezi mwingine. "Wote wana kazi nyingi." Nazi zilikuwa zikianguka zenyewe na hakuna aliyeziokota. Siku moja akanitumia picha kwenye simu: nazi zimeota palepale zilipoangukia, machipukizi yamejaa chini ya minazi kama kitalu. Yeye mwenyewe hakuzigusa. "Mimi siogopi," alisema, "ila nangoja aliyefunga afungue." Mwenye shamba la minazi alikuwa akinunua nazi kwa jirani ili apike vitumbua. Mafuta alikuwa ameacha kukamua. Nilimwambia nikistaafu nitakuja kulitazama suala hilo kwa kina. Ndivyo tunavyosema kazini tusipotaka kufanya kitu.

Nikastaafu, nikaja kukaa naye, na wiki ile ile nikamfuata Bakari barazani kwake. Nikamweleza upya habari ya chupa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, mimi kago siliamini. Hiyo ni shirki, Maalim ametukataza msikitini."

"Basi panda."

"Sipandi."

"Kwa nini, Bakari?"

Akaona haya. Akatazama uani, akatazama paa, mwisho macho yakashuka yakatua kwenye kitambi changu na kubaki hapo. "Mwalimu," akasema taratibu, "si dafu lile ulilinywa wewe mwenyewe?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Siku ile shuleni niliwaonyesha tumbo wakiwa mashahidi, na tangu hapo kila Idi nilikuwa nikiwaletea matokeo. Nilikwenda kwa Maalim anisaidie. Akaniambia kwa ukali kwamba kago ni uongo mtupu na atalirudia hilo Ijumaa. Nikamwomba basi aje shambani, akae tu chini ya mnazi mmoja, watu wamwone. Akasema Inshallah, ila goti linamsumbua. Nikampigia Neema, ambaye sasa ndiye mkuu wenu. Alicheka kwa muda ambao si wa kiungwana kumchekea mstaafu. "Kaka Shomari," alisema alipopata pumzi, "jaribio lilifaulu. Ila wewe ndiye uliyekuwa jaribio."

Sikucheka. Jikoni dada yangu alikuwa anakuna nazi ya kununua, na mimi nilikuwa nakaribia kula wali wake. Niliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa ya kisomi hata kidogo.

Zuhura, nilipomweleza, hakuhitaji nadharia. "Basi lishushe," alisema. Kuanzia siku hiyo akaniondolea sukari, akanipunguzia wali, na asubuhi akawa ananitoa nje nitembee mpaka njia ya Kilindoni na kurudi. Kisha akanikumbusha sunna ya kufunga Jumatatu na Alhamisi, ambayo mama alikuwa akiishika na mimi niliiacha nilipoanza kusoma vitabu vinavyoieleza. Nikaanza kufunga. Sitajitia utakatifu: mara ya kwanza ilipofika alasiri nilikuwa namchukia kila mtu mwenye mdomo. Njiani, jua likiniwakia kichwani, nilimkumbuka yule binti wa mstari wa nyuma na swali lake. Msomi aliyetumia nusu ya maisha yake kuwaeleza wengine kwamba kujinyima si chanzo cha mali, sasa alikuwa anajinyima ili nazi zianguliwe.

Tumbo lilishuka polepole, polepole kuliko nilivyomwahidi Zuhura. Watu walibadilika kabla yake. Walioniona nikikataa maji ya kunywa barabarani wakaanza kusimama kuzungumza. Maalim akanivuta safu ya mbele msikitini. Wazee wakaniuliza mashauri ya mipaka ya mashamba, jambo ambalo hawakuwahi kuniuliza nilipokuwa na majibu. Nilimwandikia Neema kwamba labda yule mtaalamu wa Ulaya alikuwa na nusu ya ukweli, na nusu nyingine walikuwa nayo majirani waliotazama. Akanijibu kwa neno moja, "Karibu," na kikaragosi cha kucheka.

Asubuhi ya Alhamisi moja Bakari akatokea uani, panga kiunoni. Hakusema kitu juu ya tumbo, ila alilikagua vizuri, hata akazunguka kidogo kuliona kwa ubavuni. "Dada Zuhura, tuanze safu ipi?" Zuhura aliyekuwa anafagia aliacha ufagio ukaanguka. Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza Bakari ni nini kimembadilisha mawazo.

"Mawazo gani, Mwalimu?" alishangaa. "Kwani nani alikataa? Nilikuwa na kazi nyingi."

Na ninaapa alikuwa anasema kweli, kwa kadiri anavyojijua.

Tukatoka kwenda shambani na nusu ya kijiji nyuma yetu, kila mmoja amekumbuka shughuli upande huo. Bakari alipanda mnazi wa safu ya tatu, akatupa dafu la kwanza, akateremka, akalifyeka kichwa kwa pigo moja na kunipa kwa mikono miwili. "Kunywa wewe kwanza, Mwalimu." Hata Maalim alikuwepo, mbali kidogo, amesimama kwenye goti lake vizuri tu.

"Nimefunga," nikasema. Ilikuwa kweli, ilikuwa Alhamisi. Lakini lazima niwaambie ninyi mtakaoifanya kazi hii baada yangu: niliposema hivyo, moyo wangu ulitulia. Nilishukuru kwamba nimefunga. Chupa ya soda niliifunga mwenyewe, unyoya niliuokota mwenyewe jikoni, karatasi ilikuwa maneno yangu mwenyewe, na bado nilishukuru.

Sijui kama watu waliuona uso wangu. Zuhura aliuona. Nyuso zilianza kugeukiana, Bakari akashusha panga, nikajua kwamba tukiondoka hapo bila dafu kunywewa, dada yangu atanunua nazi mpaka kufa kwake. Akanipokonya dafu mkononi. Hakusema bismillahi kwa sauti ya kuonyesha, aliisema kama anavyoisema kila siku, akainua kichwa akalinywa lote, maji mengine yakimteremka shingoni, akajifuta mdomo kwa kanga.

"Bakari," akasema, "unasubiri nini? Endelea na minazi mingine."

Bakari akacheka, watu wakacheka, mtu akaanza kukusanya nazi zilizoota. Zuhura akanigeukia.

"Kaka, unaangalia nini?"

Nilikuwa naangalia tumbo lake.